Bibi Barafu Hakupokea "Sijambo"

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka muuguzi aliyetutoka wiki iliyopita. Wagonjwa walimwita Bibi Barafu. Kazi yake ilikuwa vinywa. Naam, vinywa! Miaka ishirini na sita alitunza vinywa vya wagonjwa wanaopandikizwa seli shina, zile seli changa zinazotengeneza damu.

Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hutiwa dawa kali mshipani. Dawa ikiingia, Bibi Barafu alimpa vipande vya barafu amumunye, ili vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na dawa hiyo vipungue. Kisha mswaki laini na maji ya chumvi, kutwa mara kadhaa. Binti yake anacheka akikumbuka: "Hata nyumbani hatukusalimika. Kabla ya shule, foleni, midomo wazi!"

Neno moja hakulipokea: "sijambo". Si mnajua tulivyo? Mtu yu hoi, ukimsalimu, "sijambo". Na mgonjwa wa aina hii hana kinga. Kidonda cha mdomoni chaweza kumuua.

Sasa, kulikuwa na fundi cherehani. Siku ya saba tangu apandikizwe, chakula hagusi, mdomo hafungui. "Sijambo, sista," anajibu kwa meno yaliyobanwa. Kumbe aibu! Kinywa kinanuka, na mkewe yuko pale pale. Bibi Barafu akabembeleza, wapi! Akafoka, maana subira yake ilikuwa fupi. Wapi! Akatoka nje, akasimama nyuma ya kioo cha chumba, akashusha barakoa, akachomoa meno ya bandia, akamkenulia kibogoyo. Jamani! Wodi nzima haikujua kama ana meno ya bandia.

Fundi akaangua kicheko, mdomo wazi. "Nikapiga yowe," anasema mkewe. "Ulimi umechubuka, damu inamtoka." Matibabu yakaanza saa ileile. Homa ilikuja, lakini iliwakuta wamejiandaa. Fundi yu hai, mwaka wa kumi na moja huu.

Kwa binti yake na ndugu wote, poleni sana. Mimi mwenyewe kisa hiki kimeniingia. Nasi wenye wagonjwa nyumbani, tusiishie kwenye salamu. Tuwatazame.

Fundi alipopona alikwenda kumwomba radhi kwa kumfanya avue meno mbele za watu. Bibi Barafu akamkata kauli: "Radhi ya nini? Meno niliyarudisha. Wewe ningekurudishaje?"