Alama za Dada Taliilagi

Tala mia tisa kwa kila muuguzi, Bwana Mauga, na sitaishusha sauti eti kwa sababu tuko msibani. Wewe wa utawala wa hospitali umenishika mkono pale mlangoni ukaniambia, "Kaka, hilo la fedha liruke," nami siruki, maana ukiliondoa hilo, maisha ya dada yangu hayasomeki.

Ndugu waombolezaji, marehemu Taliilagi Peniamina alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 hapa Safune, akasoma shule ya misheni, akahitimu uuguzi Apia mwaka 1983, akafunga ndoa na Setefano tarehe 11 Januari 1986, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2016 alikabidhiwa usimamizi wa wauguzi, akakuta kila mwaka wote wanapewa alama tano juu ya tano, kwani nani angethubutu kumwambia mke wa matai, mkuu wa ukoo, kwamba kazi yake mbovu? Mwaka jana akapanda kitandani mwenyewe, akajilegeza kama aliyepooza, akasema, "Haya, nigeuzeni, mmoja mmoja," kisha akamwambia kila mtu ukweli faraghani. Fetuao, mke huyo wa matai, akapata mbili. Mumewe, matai mwenyewe, akaja akifoka, "Umemvunjia heshima mke wangu!" Dada akamjibu, "Lala hapa, mheshimiwa, nikugeuze kama alivyonigeuza." Akalala, mzee wa watu na unene wake wote, akainuka anapapasa bega, akasema tu, "Mfundishe."

Akawafundisha, akawapima upya, wote wakapata nne. Tano hakumpa mtu, hata Setefano kule nyumbani alikwama kwenye nne. Ofisi ikashika alama za kwanza, ikawanyima nyongeza yao ya tala mia tisa, eti mtu hapimwi mara mbili kwa mwaka.

Februari mwaka huu alipatikana na saratani ya ini, akalazwa kwenye kitanda kilekile, na tarehe 11 Agosti 2018, sauti ikiwa imeshakatika, Fetuao alimgeuza kwa namna ambayo hata shuka halikujikunja, nasi tukauona mkono wa dada ukiinuka, vidole vyote vitano wazi. Saa hiyohiyo akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani mlioleta mikeka na magimbi, na wauguzi wote kumi na wawili.

Lala, dada, umegeuzwa vizuri.

Bwana Mauga, hao waliopimwa mara mbili hawa hapa, wamesimama. Walipe Jumatatu.