Shangazi Anaondoka, Mwenyekiti Anabaki

Tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, Shangazi atakabidhi funguo za nyumba yetu, kama ataziona. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaoishi hapa, hasa wale waliokwisha kuzishinda nyumba nyingine: wapiga mateke milango, warusha vikombe, na mmoja aliyekuwa anang'ata. Tunamwita Shangazi kwa sababu ana mdomo wa shangazi na mkoba wa shangazi. Ndani ya mkoba huo mna miwani aliyopewa na daktari wa macho kabla hajaajiriwa, na hajawahi kuivaa mbele za watu.

Miwani hiyo lazima itajwe. Bila ubishi wake wa kutoivaa, leo tusingekuwa na Mwenyekiti.

Shangazi alipoanza kazi, chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa cha bwana mmoja wa miaka arobaini na ushei ambaye kila asubuhi alipindua meza ya chai. Si kuisukuma. Kuipindua, miguu ikatazama dari. Siku hizo wafanyakazi waliwaita wakazi "watoto wetu", hata wenye mvi, na bwana huyu aliamshwa kwa "haya mtoto, twende tukaoge". Bodi ilichoka na gharama za vikombe, ikapanga kikao cha kuamua ahamishiwe hospitali, kwenye wodi ya kufungiwa. Kila mtu alijua kwamba walioingia kule hawakuwa wakirudi.

Asubuhi ya kikao, Shangazi alichelewa. Aliingia mbio, macho yanaona ukungu mtupu, akakuta koridoni mtu amevaa koti refu na kofia, mikono nyuma. Akajua ndiye mwenyekiti wa bodi. Akakunja magoti kidogo, akasema, "Shikamoo Mwenyekiti, naomba unisamehe, nimechelewa." Kumbe ni yule bwana wa meza, kajitwalia koti la mhasibu msumarini! Mpishi wetu wa wakati ule, aliyeshuhudia yote, alipenda kusimulia jinsi bwana alivyomtazama Shangazi juu mpaka chini, kisha akajibu, "Marahaba. Usirudie." Akaingia kunywa chai, na meza ikabaki imesimama kwa miguu yake.

Mwenyekiti halisi alipofika, Shangazi alidhani ni fundi bomba tuliyekuwa tunamsubiri wiki nzima. Akamsalimia juujuu na kumpeleka moja kwa moja kwenye choo kilichoziba. Inasemekana mzee wa watu alikitazama kile choo kwa muda mrefu, kwa heshima zote.

Ni Shangazi huyohuyo aliyeingia kikaoni baadaye, mgeni kazini na aibu imemjaa, kuomba bwana wa meza aachwe hapa miezi mitatu. Hoja yake ilikuwa moja tu: mtu aliyeamkiwa leo kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima asifukuzwe siku hiyohiyo. Bodi ilikubali, kwa sharti kwamba mwombaji avae miwani. Sharti hilo bado linashughulikiwa.

Tangu hapo bwana yule akawa Mwenyekiti, jina na cheo. Msidhani aligeuka malaika. Meza alizipindua tena, na Shangazi ana kovu la birika kwenye mkono wa kushoto ambalo huwaonyesha wafanyakazi wapya kama nishani. Fundi alipopendekeza meza ipigiliwe sakafuni, Shangazi alikataa katakata, akasema ukimfungia meza atahamia kwenye kabati. Badala yake alimwachia Mwenyekiti kazi ya kuiandaa meza na kuamua nani akae wapi. Sisi alitufunza kwamba mikono yake ikishika ukingo wa meza, tusipige kelele wala kumrukia. Tuondoe vikombe, turudi nyuma, tumpe nafasi ya kupumua. Mara nyingi huachia mwenyewe, na isipokuwa hivyo, walau vikombe vimepona.

Tabu ni kwamba Mwenyekiti alionja heshima, akanogewa. Aliidai kwa kila aingiaye, awe mkaguzi au mleta gesi. Daktari mmoja kijana alimwambia "Mambo vipi, babu," akarudi kwao na soksi zilizolowa chai. Yule mpishi naye, aliyemzidi Mwenyekiti umri kwa mbali, aliapa hatamwamkia mdogo wake, na kwa majuma kadhaa sote tulikula chakula kisicho na chumvi. Shangazi ndiye aliyewapatanisha. Walikubaliana wainamishe vichwa kwa wakati mmoja, asiwepo wa kuanza.

Tungependa kuongeza kwamba walezi aliowafunda Shangazi sasa wanaongoza nyumba nyingine tatu, na kwamba fundi vitasa wa mtaa huu amesomesha watoto wake kwa funguo alizopoteza.

Lakini kustaafu kwake kumetunyima usingizi. Mwaka jana alipokwenda likizo, Mwenyekiti aliung'oa mlango wa jikoni kwa teke. Kwa mtu aliyevuka miaka sabini, wengine tulimpongeza kimoyomoyo. Meneja hakupongeza. Alituambia wazi kwamba yakianza tena ya mwanzo, ile habari ya wodi itafufuliwa. Ndipo mtu akashauri tumwambie Mwenyekiti kwamba Shangazi kasafiri tu, atarudi. Shangazi akasema mtu mzima hadanganywi, akaenda kumwambia mwenyewe, wakati wa chai, mbele yetu sote.

Mwenyekiti aliuliza kustaafu ni nini. Shangazi akamweleza kwamba mtu akishakaa mahali miaka mingi, anaagwa vizuri anakwenda kwake kupumzika. Mwenyekiti akatafuna mkate wake mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Mimi nilikuja kabla yako. Mbona mimi sistaafu?"

Shangazi akatafuta leso mkobani, ndipo akasema taratibu, "Wewe hujaajiriwa hapa, Mwenyekiti. Hapa ni kwako. Sisi ndio tunaokuja na kuondoka."

Mikono ya Mwenyekiti ikashika ukingo wa meza. Tukaanza kuondoa vikombe.

"Kwangu?" akauliza.

"Kwako."

Akatuangalia mmoja mmoja, tumesimama na vikombe vyetu mikononi, hatuna pa kuviweka. "Kama ni kwangu," akasema, "mbona mnaingia bila hodi?"

Tangu siku ile kila mtu anapiga hodi, kwenye mlango wa mbele na kwenye kila chumba. Jumanne meneja, mwenye funguo zote mfukoni, alilowa mvua barazani kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ananyoa ndevu. Hakuna mlango uliong'olewa, na habari ya wodi haitajwi tena.

Shangazi, asante. Tutakukosa sana, na hapo hatutanii. Nenda ukapumzike, afya ikujae, chai yako iwe ya moto na asiwepo wa kuimwaga. Ukitukumbuka, njoo. Ila ujue tangu tarehe moja Julai wewe ni mgeni kama wageni wengine: piga hodi, usimame nje usubiri, na ukisikia sauti ya Mwenyekiti inasema karibu, ingia.