Alama za Vidole Chini ya Plasta

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Olmotonyi, fundi mwashi alikuwa akimsimulia bibi mmoja habari za kanisa la zamani analolikarabati. Mimi nyuma yao nilijifanya nimelala.

“Plasta ya simenti ilifungia unyevu ukutani, bibi. Jiwe ukiligusa linamwagika kama unga.”

“Jiwe? Limwagike?”

“Kabisa. Ila chokaa ya zamani katikati ya mawe bado imeshika, na ina alama za vidole vya mtoto.”

Usingizi wangu wa uongo ukaisha. Bibi akamgeukia fundi. “Mama yangu alisomba ile chokaa akiwa msichana. Usivifunike vidole hivyo.”

“Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, ambaye sijawahi kumwona, ameagiza nipige simenti tena kabla ya Jumapili.”

Gari likasimama.

“Mwenyekiti,” bibi alisema, akitazama vidole vyake, “ni mimi.”