Muuguzi Asiyesoma Orodha

Ijumaa hii, tarehe 29 Julai 2022, Mama Pascasie Ntirampeba anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kazi katika kituo chetu cha afya hapa Rumonge. Alizaliwa juma lile lile la Uhuru wa Burundi, Julai 1962, na mpaka leo husema yeye na nchi ni pacha, ila yeye hapendi makelele.

Alianza kwa kupima uzito wa watoto na kudunga sindano. Mkono wake ni mwepesi ajabu. Wavuvi wenye vifua vipana, wanaoogopa sindano kuliko mamba, walimtaka yeye tu, na akiwa likizo walipona ghafla wakarudi nyumbani.

Baadaye alipewa kazi ya kuwaeleza wazazi jinsi hofu kubwa ya utotoni inavyomharibu mtu hadi ukubwani. Mkutano wa kwanza ulikuwa Kabezi. Alibeba picha kubwa ya ubongo yenye maelezo ya Kifaransa, akahubiri saa nzima. Mwishoni mzee mmoja akauliza hiyo kabichi inauzwa wapi. Tangu siku ile picha imebaki kabatini.

Alikuwa na kasoro moja iliyowachosha wakubwa: hakusoma orodha ya mahudhurio kamwe. Alipitisha kikapu, kila aliyefika akatia punje ya haragwe. Ripoti zake zilikwenda Bujumbura zimeandikwa "waliohudhuria: maharagwe themanini na matatu." Barua ikarudi kwamba maharagwe hayatii saini. Aliisoma, akaikunja, na mkutano uliofuata akaja na kikapu kikubwa zaidi. Sisi wenzake tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo naona aibu kuliandika.

Mwaka 1998 tulikwenda Magara. Mvuvi mmoja, Léonard, alisimama mbele ya wazazi wote akatangaza kwamba anamtoa binti yake shuleni, kwa sababu mwalimu akipaza sauti tu, mtoto anaingia chini ya dawati. "Huyu mutoto iko na kichwa ngumu," alisema. "Nimemupiga mpaka nimechoka." Wazazi wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Binti mwenyewe, wa miaka minane, alikuwa amekaa pale pale anatazama mchanga.

Mama Pascasie aliweka karatasi zake chini. Akasema kwamba mwaka 1972, mwaka wa mauaji, akiwa hajafikisha miaka kumi, watu walifika shuleni kwao na orodha, wakasoma majina ya walimu. La tatu lilikuwa la baba yake. Baba aliitika "Présent!", yaani nipo, kwa sauti safi, kama alivyowafundisha watoto kuitika, akatoka nao. Hakurudi. Kwa miaka miwili Pascasie hakutamka neno. Alikojoa kitandani, alisahau hata kuhesabu, na jina lake likiitwa darasani mwili uliganda. Wakamwita bubu, wakamwita mjinga, wakamchapa. Fimbo haikumrudishia sauti. Aliyemrudishia ni shangazi yake, aliyekaa naye kila siku wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, bila kumdai neno lolote.

Kisha akawauliza akina mama: ndagala zikinyeshewa siku ya kwanza zinakuwaje? Nani asiyejua pale Magara! Juu kavu, ndani mbichi. Na je, mnazitupa? "Aa, tunazigeuza tena kwa jua," wakajibu. Basi na mtoto ni hivyo hivyo, akasema, na jua lake ni mtu wa kukaa naye bila kumpiga.

Léonard naye mwaka ule wa 1972 alikuwa na miaka saba. Mwishowe alisema maneno machache tu: "Basi, atabaki kwa masomo." Na alibaki. Leo binti huyo anauza vitenge sokoni Rumonge. Mtu akipaza sauti bado anashtuka, lakini hajifichi.

Tangu hapo Mama Pascasie amesimama kila ufuko, Muhuta, Kabezi, Magara, kwenye jua na kwenye tope. Alipoambiwa mambo ya zamani yaachwe yalale, alijibu kwamba hayalali, yanahamia kwa watoto. Walioudhika aliwapa kiti cha mbele.

Ijumaa mimi, Esha, ndiye nitakayesoma majina ya wastaafu wetu watano. Nilipanga kuliruka lake, atoke tu mwenyewe kuchukua zawadi. Akaja ofisini, akaniangalia juu ya miwani. "Wewe Esha, unisome," akasema. "Na uniweke ya tatu. Baba aliitika, na mimi nitaitika. Halafu nitarudi kukaa kwa kiti yangu."

Murakoze, asante sana, Mama Pascasie. Tunakuombea usingizi mtulivu, ndagala nono, na wajukuu wenye makelele usiyoyapenda. Ninyi wengine, Ijumaa naomba ukumbi unyamaze kidogo, maana nitasoma kwa sauti:

Wa tatu, Ntirampeba Pascasie.