Mzee Hezron Silwimba na Jiwe la Tairi

Mzee Hezron Silwimba alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 Isansa, wilayani Mbozi, mtoto wa pekee wa Enoka Silwimba, mpishi wa mlowezi wa Kiingereza mwenye shamba la kahawa. Mwaka 1962 mlowezi alirudi kwao, akamwachia mpishi wake gari la mwaka 1934: viti viwili, halina paa, boneti ndefu imefungwa kwa mkanda wa ngozi. Lilikuwa zuri ajabu. Kabla mwaka haujaisha, breki zake za waya ziliachia kwenye mteremko wa mtoni, likampitia Enoka, akafa. Hezron alikuwepo, akaona.

Alisoma Isansa hadi darasa la saba, na baada ya hapo hakutaka kazi nyingine ila breki. Tangu mwaka 1974 alitengeneza malori ya Zambia hapa Tunduma. Madereva walitania kwamba lori lililopita mikononi mwake husimama hata likikonyezwa. Lakini gari la baba yake halikupona. Leo lingeshika, kesho lingeachia. Akaliwekea jiwe mbele ya tairi, nasi watoto wake tukakatazwa hata kuliegemea. Kulikata liwe vyuma chakavu roho yake ilikataa, maana ndicho alichoachiwa na baba.

Mnunuzi mmoja kutoka Nakonde, ng’ambo ya mpaka, alimsihi, “Batata, baba yangu, tajeni bei tu.”

“Nikikuuzia hili, mwanangu, nitakuwa nimekuuzia kifo cha baba yangu.”

Tarehe 16 Septemba 1978 alifunga ndoa na Tukuswiga, ambaye aliomba kupanda gari hilo siku ya harusi. Alipanda, injini imezimwa, likiteremka polepole, vijana wakilizuia kwa nyuma kwa kamba, bwana harusi akitembea kando na jiwe kwapani, suti yote vumbi. Mama hucheka akisimulia, ila hakupanda tena.

Mzee alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu 2021. Asubuhi ya tarehe 11 Machi 2025, baada ya mvua kubwa, mkewe alimkuta ndani ya gari, ameaga dunia kwa kiharusi, mkono umekamata breki. Vidole vilifunguliwa kimoja kimoja. Mvua ilikuwa imelisukuma jiwe pembeni, na tairi zilikwishaanza kuchora matope.

Kwa desturi ya ukoo, mwenye jina la babu hurithi na vitu vya babu. Mwana wa kiume wa Mzee, Enoka, alikabidhiwa ufunguo juzi. Amewaahidi wenzake kwamba tukitoka makaburini ataliteremsha hadi barabara ya mpakani.

“Babu alikuwa hajui kuendesha, mama,” alisema. “Mimi najua.”

Mama alitoka nje kuliangalia jiwe, na tangu hapo hajalala.

Mzee ameacha mjane, Tukuswiga. Watoto, Grace, Aida na Enoka. Wajukuu sita, na gari. Mungu ampumzishe fundi aliyekufa ameshika breki.

Enoka, tunakuomba mbele ya kaburi hili: jiwe usiliondoe.