Wimbo wa Pili Wamekosea

Basi la barabara ya Elmwood lilikuwa likijikokota kwenye theluji. Mbele yangu bwana mmoja alipakata santuri iliyotolewa upya ya Delaware Sundays, bendi iliyowaliza vijana wote wa mji wetu wa Buffalo miaka ya themanini. Mwanamke wa makamo aliyeketi kando yake alimwuliza anaipeleka wapi.

“Nairudisha dukani. Wimbo wa pili wamekosea.”

“Wamekosea vipi, kaka, na wimbo ni wao?”

“Mimi niliurekodi redioni, nimeweka kinasa sauti mbele ya spika. Gitaa likianza tu, mtangazaji anataja shule zilizofungwa kwa theluji. Humu hayumo.”

Nilitazama dirishani. Watu wa rika langu, tuliorekodi nyimbo hivyo hivyo, jambo hilo hatulicheki.

“Hayo yalikuwa makelele, kaka. Hapa wameusafisha.”

“Wamesafisha mno. Kwenye kiitikio mama alikuwa ananiita nikale.”

“Basi si usikilize kaseti yako?”

“Redio imekula mkanda juzi.”

“Sasa dukani utawaambia imepungua nini?”

Basi likasimama mbele ya duka. Yule bwana akainuka, akapangusa theluji isiyokuwepo kwenye santuri, akaketi tena.