Verlyn Tollefsrud na Walafi wa Diski

Tarehe 30 Mei, Verlyn Tollefsrud anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Jibini ya Haugland, hapa Wisconsin, kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kupakia malori, akaumia mgongo, akahamishiwa chumba cha kompyuta apumzike kidogo. Hakutoka tena.

Kazi yake ilikuwa kulinda diski ya seva yetu, kompyuta kuu inayotumiwa na ofisi nzima. Kila kazi tunayoituma kule, iwe ankara au ripoti, huchukua nafasi ya muda kwenye diski, kama mpishi anavyochukua meza ya kukatia vitunguu. Ikimaliza, huirudisha. Isipoirudisha, diski hujaa, seva husimama, nasi sote tunasimama nayo. Verlyn aliwafuata walafi mezani kwao, sahani ya keki mkononi, akiwauliza kwa upole wanakusudia kula diski hadi lini. Keki zilikuwa tamu. Nasikia wengine walikosea makusudi.

Tutamkumbuka zaidi kwa wiki ile ya sikukuu ya Shukrani. Malori yalikuwa foleni yakisubiri hati za mizigo kutoka kwenye seva, na diski imebakiza nafasi kiduchu. Mlafi alikuwa ripoti ya bosi mwenyewe, Bi. Marit Haugland. Alitaka kujua nani hununua jibini gani, ila aliunganisha majedwali vibaya, seva ikawa inamwoanisha kila mteja na kila jibini tuliyowahi kutengeneza, wateja marehemu wakiwemo. Kazi ya bosi haikatizwi bila ruhusa yake, na bosi alikuwa kwa daktari wa meno.

Verlyn akapiga simu huko, akaomba iwekwe sikioni mwa mgonjwa.

"Bosi, ripoti yako inakaribia kusimamisha seva. Niikatize?"

Likatoka guno refu, kinywa kimejaa pamba. Verlyn akashukuru, akaikatiza ripoti. Malori yakaondoka.

Bosi alirudi shavu limevimba, akaenda moja kwa moja chumba cha seva. Sisi wa chumba jirani tukapata ghafla shughuli za kutubakiza hapo hapo.

"Nilisema hapana," alisema.

"Mimi nilisikia ndiyo."

Bi. Marit akachungulia dirishani, akaona uwanja mtupu.

"Basi endelea kusikia vibaya," akamwambia, akachukua kipande cha keki asichoweza kutafuna.

Baada ya hapo Verlyn aliiwekea kila kazi kikomo cha nafasi. Inayokipita hukatizwa na seva yenyewe, iwe ya bosi au ya mfagiaji. Seva haijasimama tena.

Mkewe, Ardis, anamsubiri kwa hamu. Gereji yao, anasema, imejaa boti mbovu na mashine za kukatia nyasi ambazo Verlyn aliziweka "kwa muda tu" watoto wakiwa shule ya msingi, na gari hulala nje kwenye theluji.

Verlyn, asante kwa kutulinda. Tunakutakia afya njema, samaki wengi ziwani, na gereji ambayo gari litaingia.